Mbwa wa boma na mtoto anayejifunza kutembea: Namna ya kuwalinda wote wawili katika nyanda za chai za Kericho na Bomet

KATIKA maboma mengi ya Kericho na Bomet siku huanza kabla ya jua kuchomoza. Ng'ombe hukamuliwa, chai huchemshwa, na kabla ya umande kukauka wazazi wamekwisha kujitwika vikapu mgongoni kuelekea shambani kuchuma majani chai. Nyumbani hubakia mtoto ambaye hajafikia umri wa kwenda shule, mtu wa kumtunza, na mbwa aliyekesha akilinda boma ambaye sasa anatafuta mahali pa kulala.

Mtoto naye ndio kwanza ameamka. Ana umri wa mwaka mmoja na nusu, ana kipande cha ugali mkononi, na amegundua majuzi tu kwamba miguu yake inaweza kumfikisha popote macho yake yanapoangalia. Mbwa amelala mlangoni pa jikoni kwa sababu kuna joto la moto. Hapo ndipo panapotakiwa tahadhari.

Wazazi wengi hudhani kwamba hatari hutoka kwa mbwa koko wanaozurura karibu na masoko na machinjio. Hao ni hatari kweli, lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mtoto mdogo aghalabu huumwa na mbwa anayemfahamu: wa nyumbani kwao, wa shangazi yake au wa jirani. Na kwa kuwa kimo cha mtoto wa umri huo hulingana na kinywa cha mbwa, majeraha yake hupatikana zaidi usoni, kichwani na shingoni, ilhali mtu mzima huumwa mguuni au mkononi.

Hapa Kenya jambo hilo lina uzito wa ziada. Kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kilichothibitishwa nchini kiliandikwa mwaka 1912, na maradhi hayo hayajaondoka tangu wakati huo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban watu 59,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kutokana na kichaa cha mbwa, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na kwamba miongoni mwa wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na maradhi hayo, 40 kwa kila 100 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikishaanza kuonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hivyo mkwaruzo ambao kwingineko ungefungwa bendeji na kusahauliwa hapa haupaswi kusahauliwa.

Mtoto anavyoonekana machoni pa mbwa

Mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni hamsumbui mbwa sana. Mambo hubadilika anapoanza kutambaa, na zaidi anapoanza kutembea. Mbwa huona kiumbe kinachoyumba, kinachopiga kelele ghafla, kinachomkazia macho na kumwendea moja kwa moja. Katika lugha ya mbwa, kukaziwa macho na kuendewa moja kwa moja ni uchokozi. Zaidi ya hayo, kiumbe hicho humshika masikio, humvuta mkia na kumwangukia akiwa usingizini.

Mbwa wengi huvumilia, na uvumilivu huo ndio unaowapotosha wazazi. Mtu hutazama mbwa akivutwa sikio mara kumi bila kufanya lolote, kisha husema, "Huyu wetu hana neno." Angeangalia vizuri angeona kwamba mbwa alikuwa akisema mengi. Aligeuza kichwa pembeni. Alilamba pua yake ingawa hapakuwa na chakula. Alipiga miayo bila usingizi. Mwili wake ulikakamaa, masikio yakarudi nyuma, mkia ukaingia katikati ya miguu, na weupe wa jicho ukaonekana kwa kuwa alimtazama mtoto bila kugeuza kichwa. Asiposikilizwa hunguruma, kisha huonyesha meno, kisha huuma. Wakati mwingine hatua hizo zote hupita kwa nukta chache tu.

Kosa lililoenea ni kumpiga mbwa anaponguruma. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma haachi kuudhika. Huacha kutoa onyo tu, na siku nyingine atauma kimyakimya. Anaponguruma, mwondoe mtoto kwa utulivu, mpe mbwa njia ya kwenda zake, kisha ujiulize ni kitu gani kilichomkera: chakula, usingizi, jeraha, au watoto wake. Mbwa ambaye jana alikuwa mpole na leo anamngurumia kila mtu huenda ana kidonda, ameumia mguu au ana maumivu ya sikio. Pia huenda ni mgonjwa wa maradhi mabaya zaidi, kama tutakavyoeleza.

Jike aliyezaa ni mfano wa pekee. Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63, na kwa wiki za mwanzo baada ya kuzaa hata aliye mpole kupindukia anaweza kumrukia mtoto anayesogelea watoto wake. Apewe mahali pake nyuma ya ghala, mahali ambapo mtoto hawezi kufika.

Kupanga boma

Ushauri unaochapishwa katika nchi za Ulaya na Marekani husisitiza jambo moja: usimwache kamwe mtoto na mbwa peke yao bila mtu mzima. Ni ushauri sahihi, lakini uliandikwa kwa kuwazia nyumba ambamo mbwa analala sebuleni na mama yuko karibu. Katika eneo ambalo mama yuko katikati ya mistari ya michai na anayemtunza mtoto ni dada yake wa miaka tisa, ushauri huo pekee hautoshi. Panapokosekana jicho la mtu mzima, lazima uwepo ua.

Habari njema ni kwamba maboma mengi tayari yana desturi inayofaa: mbwa hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku. Desturi hiyo ikifuatwa ipasavyo humaliza sehemu kubwa ya tatizo, kwa kuwa saa za mbwa na saa za mtoto hazikutani. Tatizo ni utekelezaji. Kwa wengine, "kufungia" ni kumfunga mbwa kwa mnyororo wa hatua mbili kwenye mti, juani na mvuani, kuanzia asubuhi hadi jioni. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kwa sababu hana pa kukimbilia. Njia pekee aliyobakishiwa ya kumwondoa mtu anayemkera ni meno. Na mtoto mdogo hajui mnyororo unaishia wapi.

Kibanda chenye ua ni bora zaidi. Mabanzi yanayosalia katika viwanda vya kupasulia mbao, au fito za mikaratusi ambayo imejaa katika eneo hili, hutosha kujenga ua wenye nafasi ya mbwa kutembea na kujinyoosha. Sakafu iinuliwe kidogo, maana mvua hapa hunyesha takriban mwaka mzima na mbwa anayelala penye matope huugua. Paa liwe na kivuli, maji yawepo siku nzima, na nafasi kati ya fito iwe nyembamba kiasi kwamba mkono wa mtoto hauwezi kupenya. Jambo hili la mwisho husahauliwa mara nyingi. Kibanda kiwekwe mbali na njia ya kwenda chooni, bombani na jikoni.

Asiyeweza kujenga ua anaweza kutandaza waya kati ya nguzo mbili na kuufunga mnyororo kwenye pete inayoteleza juu ya waya huo. Mbwa hupata nafasi ya kutembea, lakini mpaka wake lazima uwekewe alama inayoonekana, na ikiwezekana kizuizi.

Vilevile inafaa kumzuia mtoto, si mbwa tu. Kijilango cha mbao chenye kimo cha kiuno cha mtu mzima kwenye mlango wa jikoni huzuia kuku kuingia, humzuia mtoto kuufikia moto akiwa nje, na humweka mbwa mbali na mapaja ya mama anayepika. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa kijijini.

Wakati wa hatari zaidi ni pale zamu zinapobadilishana, alfajiri na magharibi. Alfajiri mbwa bado yuko huru na wazazi wana haraka ya kutoka. Jioni mtoto mkubwa hutumwa kumfungua mbwa ilhali mdogo wake angali anacheza uwanjani. Inafaa mtu mzima mmoja apewe kazi hiyo: mbwa aingie kibandani kabla ya mtoto kutoka nje, na atoke baada ya mtoto kuingia ndani. Kazi ya kila mtu hugeuka kuwa kazi ya asiyekuwepo.

Mama anayelazimika kwenda na mtoto shambani asimwache aandamane na mbwa kati ya mistari. Meza ya kuchumia, yaani ule usawa wa juu wa michai, hufika kiunoni mwa mtu mzima, na mtoto wa miaka miwili hupotea machoni papo hapo. Mbwa wa majirani nao hupenda kulala kwenye kivuli cha michai hiyo hiyo.

Katika vijiji vya wafanyakazi wa mashamba makubwa hali ni tofauti kidogo. Nyumba zimekaribiana, uwanja ni wa wote, na mbwa wa familia moja hula kwenye shimo la taka la familia nyingine. Huko kumfungia mbwa wako pekee hakutoshi. Ni jambo la kujadiliwa na wakaazi wote, na mtoto ni heri akae katika kituo cha kulelea watoto iwapo kipo karibu.

Chakula, mifupa na mikono midogo

Visa vingi vya mbwa kumrukia mtoto huhusu kitu cha kuliwa. Mtoto anayetembea na ugali, chapati au mfupa huwa amebeba chakula kwenye usawa wa pua ya mbwa, na mbwa anayejaribu kuchukua kipande hicho anaweza kuuma vidole bila hata kukusudia. Mtoto ale akiwa ameketi, ndani au nyuma ya kijilango. Mbwa alishwe kibandani mwake, kwa saa zile zile kila siku, na sahani yake iondolewe anapomaliza. Asitupiwe makombo uwanjani ambako mtoto anacheza. Hilo humfundisha kuona uwanja mzima kuwa sahani yake.

Ng'ombe anapozaa, kondo la nyuma lizikwe. Mbwa aliyelipata hulilinda kwa ukali usio wa kawaida. Isitoshe, maini na mapafu mabichi ya mifugo iliyochinjwa yasitupiwe mbwa, kwa maana huenda yana malengelenge ya mnyoo aina ya tegu. Mbwa akiyala, mnyoo hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza huota uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu ambao huhitaji upasuaji. Nchini Kenya maradhi hayo yamejulikana zaidi Turkana, lakini mbwa yeyote anayelishwa matumbo mabichi yumo hatarini.

Kuna pia minyoo ya duara ambayo watoto wa mbwa huzaliwa nayo. Mayai yake hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki kadhaa udongoni. Ndiyo maana kuokota kinyesi cha mbwa kila siku na kukifukia ni kinga halisi, hususan kwa mtoto ambaye angali anatia udongo mdomoni. Dawa ya minyoo ya mbwa hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo, na kipimo chake huulizwa kwa mtaalamu.

Kuwafundisha wote wawili

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hawezi kukumbuka onyo. Anaweza kuzoeshwa, nalo ni jambo tofauti. Mshike mkono, ukunjue kiganja chake, na umwonyeshe kumpapasa mbwa ubavuni badala ya kichwani, kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, kisha aache. Mbwa akisogea karibu, anataka zaidi. Akikaa tuli au akaondoka, mazungumzo yamekwisha. Mtu mzima awe amepiga magoti baina yao, si kusimama mlangoni akitazama simu. Asiruhusiwe kamwe kumpanda mbwa mgongoni, kumkumbatia shingo, wala kumwendea akiwa amelala au anakula. Methali ya kwamba mtoto akililia wembe apewe haina nafasi hapa.

Kwa upande wa mbwa, msingi hujengwa mapema. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hujifunza ni viumbe gani ni vya kawaida duniani. Aliyeona watoto wakitembea kwa utulivu wakati huo hawashtuki baadaye. Aliyekulia gizani chini ya ghala akirushiwa mawe huwaona watoto kuwa maadui, na si haki kumlaumu. Familia inayotarajia mtoto na ambayo ina mbwa mkubwa tayari ianze ratiba mpya ya kibanda na chakula miezi kadhaa kabla ya uzazi, ili mbwa asihusishe mtoto na kufungiwa kwake.

Chanjo na jeraha

Mbwa huchanjwa dhidi ya kichaa akiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Chini ya ugatuzi ulioanza mwaka 2013, kazi hiyo husimamiwa na idara za mifugo za kaunti, ambazo wakati mwingine huendesha kampeni za chanjo, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mwaka 2014 serikali ilizindua mkakati wa kuangamiza vifo vya binadamu vinavyotokana na maradhi hayo kufikia mwaka 2030. Kiini chake ni hesabu moja: mbwa 70 kwa kila 100 wakichanjwa mwaka baada ya mwaka, maradhi hukosa njia ya kusambaa.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe yule anayekimbia barabarani akiuma kila kitu. Mwingine hunyong'onyea, hujificha, hudondosha mate, na taya lake hulegea hata asiweze kumeza. Wengi hudhani amekwamwa na mfupa kooni na kumtia mkono kinywani ili wauondoe. Usifanye hivyo. Mfungie mbali na watu, kisha umwite afisa wa mifugo.

Iwapo mtoto ameumwa au kukwaruzwa, au mbwa amemlamba palipochubuka, kazi ya kwanza ni maji na sabuni. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata mtoto akilia vipi. Sabuni huharibu virusi, na hatua hii pekee hupunguza sana hatari ya maambukizi. Baada ya hapo paka iodini iwapo ipo. Usipake pilipili, majivu, mafuta wala dawa ya majani, na usifunge jeraha kwa kulibana.

Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Zahanati ya kijijini huenda isiwe na chanjo ya kichaa, kwa hivyo ulizia mapema katika hospitali kubwa za eneo, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Kapkatet, Litein, Longisa au Tenwek. Sindano ya kwanza hudungwa siku hiyo, nyingine hufuata siku ya 3 na ya 7, na zinazosalia kulingana na ratiba ya hospitali. Jeraha linalotoa damu, hasa la kichwani au usoni, huhitaji pia imunoglobulini, yaani kinga iliyo tayari inayodungwa kuzunguka jeraha. Daktari ataamua pia kuhusu pepopunda. Ratiba isikatizwe kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Virusi huweza kukaa mwilini kwa miezi miwili au mitatu kabla ya dalili, na kwa jeraha la kichwani muda huo huwa mfupi zaidi.

Kuna jambo moja linalogharimu maisha na ambalo halihusu dawa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi kusimulia kilichompata, na dada yake aliyeachiwa kumtunza anaweza kunyamaza kwa kuogopa kupigwa. Mtoto mlezi aambiwe waziwazi, kabla ya lolote kutokea, kwamba hataadhibiwa akisema ukweli kuhusu mbwa, hata kama yeye ndiye aliyeacha kijilango wazi. Na mzazi anaporudi jioni aangalie mwili wa mtoto wakati wa kumwogesha, akitafuta alama ndogo nyuma ya sikio, kwenye nywele na vidoleni.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira, wala asipelekwe kwa jamaa wa mbali. Huko pia kuna watoto. Akiwa anaonekana mzima afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa akiambukiza alipouma huugua na kufa ndani ya muda huo. Hata hivyo matibabu ya mtoto huanza mara moja bila kungojea siku hizo kwisha. Mbwa akifa, mjulishe afisa wa mifugo ili kichwa chake kichukuliwe na mtaalamu na kupimwa. Kericho ina maabara ya kanda ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo, na Maabara Kuu iko Kabete.

Cheti cha chanjo ya mbwa kihifadhiwe pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Daktari atauliza vyote viwili, na saa hiyo hakuna mwenye utulivu wa kutafuta karatasi chini ya godoro.